Natembea Malaba hadi Namugongo mwezi wa tano, mwili wenyewe ni wa kukaa dukani. Naanzia wapi?

MwenyeDuka_Malaba · 10 Machi, saa 3 usiku

Wadau habari za jioni. Naomba ushauri na msinicheke sana, kucheka kidogo ruksa.

Mwaka huu nimeandikisha jina kwenye kikundi cha parokia kinachotoka hapa Malaba mpakani kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa miguu kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Niliandika baada ya misa nikiwa nimeguswa na mahubiri, na mwenyekiti wa kikundi akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza, mzee, wewe si utatusaidia na pikapu ya mizigo? Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini usiku sikulala vizuri.

Hali yangu ni hii. Miaka 44, kilo 97. Nauza saruji, misumari na rangi, kwa hiyo nakaa kwenye stuli kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, vijana ndio wanaobeba. Kutoka dukani hadi nyumbani ni kama mita 400 na hata hizo napanda boda. Nina presha, nameza tembe kila asubuhi, mara ya mwisho kupimwa ilikuwa sawa. Tunaondoka tarehe 23 Mei, tunatembea siku tisa, njia yote ni zaidi ya kilomita 200.

Wiki iliyopita nikaamua kuanza mazoezi, naamka saa kumi na moja naenda kukimbia uwanja wa shule ya msingi. Siku ya kwanza raundi nne nikatapika. Siku ya pili raundi tano. Siku ya tatu ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, hapa mbele kwenye mfupa, mpaka sasa nikishuka ngazi nausikia. Niendelee tu mpaka mwili uzoee? Na viatu ninunue vya aina gani? Na niambieni ukweli, wiki kumi zinatosha au nikubali pikapu.

Boda_Steji_Malaba · 10 Machi, saa 3 na dakika 20

Mita 400 unapanda boda 😂😂 mzee nadhani nakujua. Usianze kutembea tafadhali, tuna watoto wanasoma.

NamugongoMaraSita · 10 Machi, saa 4 usiku

Mzee wa duka, acha kukimbia leo. Sio kesho, leo. Hauendi kukimbia Namugongo, unaenda kutembea, na kutembea ni kazi nyingine kabisa ambayo miguu inabidi ifundishwe yenyewe. Ukimfundisha punda kuogelea usishangae akishindwa kubeba mzigo.

Nakueleza yaliyonipata mimi. Mara ya kwanza nilienda nikiwa na miaka 26, nachezea timu ya mtaa namba saba, mbio ninazo, kifua ninacho. Siku ya kwanza nilibeba bendera ya kikundi mbele kabisa, naimba, narudi nyuma kuwahimiza wazee. Jioni nimefika natafuta hata mpira tucheze. Asubuhi ya siku ya pili niliweka mguu chini kutoka kwenye mkeka na nikaurudisha juu. Kisigino kina lengelenge kama yai la kware, mashavu ya miguu ni mawe, nyonga imekaza. Nilitembea hivyo hivyo nikichechemea, na kabla ya kufika Bugiri bibi mmoja wa miaka sitini na ushee alinipita, ndala mkononi, anasali rozari, hata hakuhema. Iganga nikapandishwa kwenye pikapu. Hiyo pikapu wanayokuambia naijua vizuri ndani yake.

Nilichojifunza pale ni kwamba siku ya kwanza haimwangushi mtu. Kilomita 25 mara moja karibu kila mtu mwenye afya atazimaliza, atachubuka atanung'unika lakini atafika. Mtihani ni kuamka kesho yake na mwili wa jana. Kwa hiyo zoezi lako kubwa ni kutembea siku mbili mfululizo, ya pili ukiwa umechoka na ya kwanza. Wengi wanatembea kila Jumamosi halafu Jumapili wanalala, wanajiona wako tayari, kumbe siku ya pili hawajawahi kukutana nayo.

Kwa wiki zako kumi mimi ningefanya hivi. Ugoko ukipoa, anza na kilomita nne tu kwa siku, siku nne au tano za wiki, polepole, mwendo ambao unaweza kuongea na simu bila mtu wa upande wa pili kujua unatembea. Wiki inayofuata tano, sita. Siku moja ya wiki iwe ndefu kuliko zingine, nane, halafu kumi, halafu kumi na mbili, usiruke kutoka nane mpaka ishirini kwa sababu Jumapili ulijisikia vizuri. Kila baada ya wiki tatu punguza wiki moja, mwili unajijenga wakati umepumzika sio wakati unauchapa. Kufikia katikati ya Aprili anza zile siku mbili mfululizo. Wewe uko Malaba, una bahati, Tororo mjini ni kama kilomita 15. Jumamosi tembea hadi Tororo, lala kwa ndugu, Jumapili rudi kwa miguu. Nakuonya tu kuhusu ule mwamba wa Tororo, utauona mbele yako tangu mapema utadhani umefika, na haufiki, unakaa pale pale unakuangalia.

Mwanzoni mwa Mei fanya mara moja ishirini na ishirini. Wiki ya mwisho kabla ya safari usifanye ushujaa wowote, tembea kidogo tu miguu isisahau.

Nesi_wa_Zamu · 11 Machi, saa 2 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku nikasema nipite hapa kabla ya kulala. Kaka wa duka, huo ugoko upumzishe siku tano au sita, weka kitambaa cha maji baridi jioni. Kama maumivu yametawanyika kwenye mfupa wote na yanapungua ukipumzika, hiyo ni misuli na mfupa kulalamika umeanza kwa pupa, itapita. Lakini ukibonyeza kwa kidole ukakuta ni sehemu moja tu ndogo inauma sana, au inauma hata usiku umelala, nenda kituo cha afya, inaweza kuwa ni ufa kwenye mfupa na huo hauponi kwa kutembea.

Presha. Kabla hujaongeza kilomita nenda upimwe tena umwambie daktari wazi kwamba unataka kutembea siku tisa kwenye jua. Kuna dawa za presha zinazokojoza, ukichanganya na jasho la barabarani unaweza kuanguka. Usijiachishe dawa mwenyewe na usijipunguzie, atakayepanga ni yeye.

Halafu hili nalisema kila mwaka na kila mwaka watu hawasikii: diklofenaki na ndugu zake, hizi dawa za maumivu, sio peremende. Watu wanazinunua kwenye duka la dawa, wanameza asubuhi kabla hata ya kuumwa eti "kinga". Zinapandisha presha, na mtu aliyekauka maji zinamuumiza figo. Ukiumwa Panadol kwa kipimo inatosha. Kama Panadol haitoshi, hiyo ni habari kutoka kwenye mguu, isikilize.

Mzee_wa_Lugabire · 11 Machi, saa 6 mchana

Mnamtisha mtu bure. Mimi natembea na lugabire, zile sandali za tairi, miaka yote, lengelenge nalisikia kwa watu tu. Hawa wanaonunua raba nyeupe mpya wiki ya kuondoka ndio wanaolia wakifika Naluwerere katikati ya malori. Mguu unataka hewa.

NamugongoMaraSita · 11 Machi, saa 7 mchana

Mzee wangu nakuheshimu na ni kweli, ila wewe umevaa lugabire tangu ukiwa shambani, unyayo wako wenyewe ni tairi. Huyu ndugu yetu mguu wake unaijua stuli. Akivaa lugabire kilomita 25 ule mkanda utamkata kama waya.

Mwenye duka, viatu usinunue vya bei ya kutisha, raba za mivumba (mitumba) zilizo nzima zinatosha, na kama una mtu anaenda Kampala akutafutie Owino. (Soko lenyewe jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, yule Yosefu Mukasa, shahidi wa kwanza upande wa Wakatoliki aliyeuawa Novemba 1885, kwa hiyo hija unaweza kusema inaanzia kwenye rundo la viatu 😄.) Angalia nyayo haijaisha upande mmoja, maana mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake na wewe una wako. Pima jioni mguu ukiwa umevimba, ukiwa na soksi utakazotembea nazo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Barabarani mguu unavimba, kiatu kinachokubana kidogo dukani, kufika Jinja utakikata kwa wembe. Nunua SASA, utembee nacho mazoezi yote. Na ubebe sandali za jioni, hapo Mzee wa Lugabire yuko sahihi kabisa, mguu unataka hewa ukifika.

Dada_Alto · 11 Machi, saa 2 usiku

Wanaume mmeongea viatu mpaka basi, hakuna hata mmoja aliyetaja mapaja. Kaka mwenye kilo 97, mapaja yako yatasuguana, tena kwa jasho lenye chumvi, na kufika siku ya tatu utatembea kama umepanda baiskeli isiyoonekana. Nunua taiti ndefu ya kuvaa ndani ya suruali, paka vaselini mapajani, kwapani na hata chuchu, ndiyo, na wewe mwanaume. Vaselini pia katikati ya vidole kabla ya soksi. Suruali ya jinsi iache nyumbani, ikilowa mvua ya mwezi wa tano inageuka msasa.

Kwa akina dada wanaosoma bila kuandika, maana najua mpo: sketi nyepesi juu ya taiti, na pedi beba hata kama tarehe zako bado, mwili ukichoka kalenda inavurugika. Na msijinyime maji kwa sababu ya kuogopa kutafuta choo. Tembeeni wawili wawili, mmoja anashika leso.

Nyingine ambayo mimi inanisaidia mazoezini, sina apu wala saa ya kuhesabu hatua. Nasali. Rozari ya mafungu matano kwa sauti ya chini inanichukua kama dakika 20, na kwa mwendo wangu hiyo ni kilomita moja na nusu na kidogo. Nikitaka kilomita sita ni rozari nne. Nikijikuta "Salamu Maria" inakatika katikati kwa kuhema najua nimeongeza mwendo, napunguza. Hakuna haja ya simu.

MwenyeDuka_Malaba · 11 Machi, saa 3 usiku

Aisee. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kusoma, amesema huyo wa baiskeli isiyoonekana anamjua mume wake kuliko yeye. Nimeelewa, sikimbii. Swali dogo, kuna zoezi naweza kufanya dukani? Maana siku nzima niko pale na wateja wakipungua nabaki naangalia malori.

NamugongoMaraSita · 11 Machi, saa 3 na nusu usiku

Si unauza saruji? Mfuko mmoja laza chini, simama juu yake na vidole tu, visigino vining'inie nje, shikilia kaunta, panda shuka polepole mara kumi na tano. Hiyo ni ya mashavu ya miguu. Halafu kaa kwenye stuli inuka bila kutumia mikono, kaa inuka, mara kumi. Hiyo ni ya mapaja na magoti, ndiyo itakayokushusha milima ya kuanzia Lugazi hadi Mukono, kushuka kunaua goti kuliko kupanda. Na stuli yenyewe anza kuiacha, hudumia wateja umesimama.

Padre_Sio_Mimi · 12 Machi, saa 1 asubuhi

Nasoma viatu, vaselini, mfuko wa saruji... Mashahidi walitoka Munyonyo kwa miguu wamefungwa kamba, wengine wakauawa njiani. Sisi tunajadili taiti. Hija bila maumivu ni matembezi ya jioni.

Dada_Alto · 12 Machi, saa 1 na dakika 40

Kaka, maumivu yatakuja yenyewe, hayahitaji mwaliko. Charles Lwanga na wenzake walikuwa vijana wa ikulu, Kizito alikuwa na miaka kama 14, kazi yao mchana kutwa ni kutumwa na Kabaka, mfalme wa Buganda, huku na kule. Mazoezi walikuwa nayo tayari. Walipofika Namugongo waliwekwa kama wiki nzima kabla ya moto wa tarehe 3 Juni 1886, na katika historia yote niliyosoma hakuna mahali panaposema walijichubua makusudi ili iwe tamu zaidi. Mtu akitaka kuteseka kwa kujinyima sukari kwenye chai hii Kwaresima, poa. Lakini ukianguka barabarani Busitema, anayeteseka ni mwenzako anayekubeba.

Kutoka_Kitale · 12 Machi, saa 4 asubuhi

Sisi wa upande wa pili wa mpaka tukifika Malaba miguu ina siku kadhaa tayari, kwa hiyo tunawakuta nyinyi mkiwa freshi mnaimba kwa nguvu tunasema ngojeni 😀

Nina moja tu ambayo haijasemwa. Lami ina mgongo, imeinuka katikati imeshuka pembeni. Ukitembea upande mmoja tu, mguu mmoja uko juu mmoja uko chini siku nzima, na goti moja linalipa. Mimi goti la kushoto lilinisumbua miaka miwili mpaka mzee mmoja akanionyesha. Mazoezi yako fanya upande wa kulia wa barabara, unaona gari linalokuja usoni, ndivyo mtakavyotembea kwenye safari, na palipo na njia ya vumbi pembeni iliyo sawa shuka hapo. Alfajiri vaa koti la kung'aa. Malori ya hiyo barabara hayana utani na dereva ametoka Mombasa macho yamechoka.

Nesi_wa_Zamu · 12 Machi, saa 11 jioni

Niongeze maji halafu niende kazini. Watu wanajua kwamba kukosa maji ni hatari, hawajui kwamba kuyazidisha nayo ni hatari. Mtu anatembea kwa saa sita anakunywa maji matupu chupa juu ya chupa hata hana kiu, chumvi yote imetoka kwa jasho, anaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, vidole vimevimba mpaka pete haitoki, mwisho anaongea vitu havieleweki, na wenzake wanamwongezea maji. Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache machache, na kula kitu chenye chumvi. Posho (ugali) na maharage yenye chumvi ya kutosha ni dawa nzuri tu. Siku ya jua kali uwe na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visiwe na mlima. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai umechelewa kunywa, ukiwa mweupe kama maji ya bomba kila nusu saa umezidisha.

Lengelenge dogo linalovumilika liache, funika. Kubwa linalozuia kutembea: osha kwa sabuni, sindano mpya safi, toboa pembeni chini, kamua taratibu, NGOZI USITOE, funika na plasta. Na ule mtindo wa kupitisha uzi na kuuacha ndani nawaomba muuache, nimesafisha miguu yenye usaha kwa sababu ya uzi kila mwezi wa sita. Bora zaidi ukisikia sehemu inaanza kuwaka moto tu, simama hapo hapo hata kama kikundi kinaenda, vua kiatu, bandika plasta. Dakika tano.

MwenyeDuka_Malaba · 20 Aprili, saa 2 usiku

Wadau, nimerudi na ripoti.

Ugoko ulipoa siku ya sita. Daktari amenibadilishia dawa moja, nimepimwa mara mbili iko sawa. Stuli nimempa kijana wa mahesabu. Kilo zimefika 94, sio nyingi lakini mkanda umerudi tundu moja.

Juzi Jumamosi na jana Jumapili nimefanya ile ya Tororo. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, rozari mkononi, koti la kung'aa la kijana wangu wa dukani linanibana tumboni. Kwenda kulikuwa kuzuri, nimefika kabla ya saa tatu na nusu, ule mwamba kweli ni mwongo, nilimsalimia mara tatu. Kwa dada yangu nimekula matooke na samaki kama mfungwa aliyeachiliwa, nikalala saa mbili usiku.

Sasa jana. Nimeamka, nikakaa kitandani kama dakika kumi naangalia miguu yangu kama ya mtu mwingine. Dada yangu akasema taksi ziko tele pale steji. Nikavaa soksi. Kilomita ya kwanza nilitembea kama kinyonga, ya pili pia, nikawa nahesabu nguzo za umeme, nikaahidi kwamba nguzo ya ishirini nasimamisha boda. Halafu mama mmoja mwenye jerikani ya lita 20 kichwani akatoka njia ya kijijini akaingia barabarani mbele yangu, hajashika kwa mkono, anatafuna muwa. Nikasema nitamfuata huyu tu. Sikumpata. Lakini nilipokuja kushtuka nguzo nimesahau kuhesabu na mwili umepata moto, nyonga imeachia, na maumivu yakawa pale pale hayaongezeki. Nimefika nyumbani saa tano na robo, mvua imeninyeshea nusu ya njia. Kidole kidogo cha kushoto kina lengelenge, nilisikia kinawaka mapema nikasema nitasimama mbele kidogo. Nesi usiseme kitu, najua.

Swali langu sasa ni kufunga. Kuna wenzetu kwenye kikundi wanasema tutembee bila kula mpaka jioni kama sadaka. Nyinyi mnaonaje?

Nesi_wa_Zamu · 20 Aprili, saa 3 usiku

Sijasema kitu 🙂 Kufunga: wewe na presha yako na mtu yeyote mwenye sukari, hapana. Hata kwa walio wazima mimi ningesema kula kidogo kila baada ya saa mbili, ndizi, kasava ya kuchemsha, karanga. Muulizeni paroko, nadhani atawashangaza.

Mzee_wa_Lugabire · 20 Aprili, saa 3 na nusu usiku

Sadaka watoe kwa kutonunua wale kuku wa vijiti wa Najjembe mkipita msitu wa Mabira. Harufu ile, na moshi, na gonja (ndizi za kuchoma) pembeni. Hiyo ndiyo kufunga.

NamugongoMaraSita · 20 Aprili, saa 4 usiku

Hiyo asubuhi ya jana uliyoieleza, ya kinyonga na nguzo, ndiyo hasa niliyokuwa nasema. Sasa mwili wako unajua kwamba kilomita mbili za kwanza zinadanganya. Mimi wakati ule sikujua, nilidhani nimevunjika, ndiyo maana niliishia kwenye pikapu. Katika zile siku tisa utaamka hivyo kila asubuhi, kila moja, mpaka Namugongo.

Fanya tena Tororo baada ya wiki mbili, halafu ile ya ishirini na ishirini, halafu punguza. Kucha kata siku tatu kabla ya kuondoka, sio usiku wa kuamkia. Na ukiona siku moja huwezi kabisa, panda gari hadi kituo kinachofuata ulale, kesho yake uendelee. Nimeona watu wazima wakilia kwa aibu ya kupanda gari kilomita kumi halafu wanamaliza zile zingine zote.

MwenyeDuka_Malaba · 19 Mei, saa 1 usiku

Ya ishirini na ishirini nimemaliza. Kilo 92. Nimekata kucha leo kidogo kabla ya muda kwa sababu siwezi kutulia. Begi dogo lina maji, plasta, vaselini, ORS, dawa za presha za siku kumi na mbili na sandali. Nguo ziko kwenye pikapu. Mwenyekiti jana kwenye mkutano ameuliza nani atasaidia dereva wa pikapu, akaniangalia, halafu akaangalia mwingine.

Boda_Steji_Malaba · 19 Mei, saa 1 na dakika 10

Mzee mimi nilikupita jana alfajiri pale karibu na mizani nikapiga honi mara tatu, hukugeuka hata kidogo. Tumekosana?

MwenyeDuka_Malaba · 19 Mei, saa 1 na dakika 15

Nilikusikia ndugu yangu. Ningegeuka, ningepanda.